Negativu Kwanza: Kuhusu Kuhifadhi Filamu Kwenye Baridi

Karibu kila mtu anayepiga picha kwa filamu ana sehemu yake ndani ya friji. Ukifungua mlango utakuta makasha ya filamu mpya yamepangwa, baadhi yakiwa na tarehe za mwisho wa matumizi zilizopita zamani, na mwenyewe atakueleza kwa furaha ni aina gani imeacha kutengenezwa na ni ipi anaitunza kwa ajili ya kazi maalumu. Muulize sasa negativu zake, yaani filamu zilizokwisha kupigwa picha na kuoshwa, ziko wapi. Mara nyingi utajibiwa kwamba ziko kabatini, au ndani ya boksi lililowekwa juu ya rafu, katika chumba ambacho hupata joto mchana na unyevu wakati wa mvua. Hilo ndilo ninalotaka kulizungumzia kwa kirefu, kwa sababu naamini mpangilio wetu umepinduka: tunakipa baridi kile kinachoweza kununuliwa tena, na kile kisichoweza kurudishwa kwa fedha yoyote tunakiacha kioze taratibu.

Sisemi kwamba filamu mpya haihitaji baridi. Inaihitaji, na sababu zake ni nzuri kuzifahamu kwa sababu ndizo zilezile zinazoigusa negativu. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini, na ndani ya jelatini hiyo zimetawanywa chembechembe ndogo sana za chumvi za fedha ambazo hubadilika zikiguswa na mwanga. Filamu ya rangi ina tabaka kadhaa za namna hiyo, kila tabaka likipokea sehemu yake ya mwanga, na kila moja likiwa na kemikali zitakazozaa rangi wakati wa kuosha. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachotulia kabisa. Chembe za fedha hupungukiwa na wepesi wa kupokea mwanga. Baadhi hufikia hali ya kugeuka kuwa nyeusi zenyewe bila kuguswa na mwanga wowote, na filamu ikioshwa huonyesha utando wa kijivu uliofunika kila mahali. Weusi na weupe husogeleana mpaka picha ikakosa nguvu. Kwa filamu ya rangi kuna tatizo jingine juu ya hayo, kwamba tabaka hazizeeki kwa mwendo mmoja. Moja ikitangulia, vivuli vya picha huelekea kwenye rangi moja na sehemu zenye mwanga huelekea kwenye nyingine, na kasoro ya namna hiyo haiondoki kikamilifu hata kwa kompyuta, kwa kuwa ukirekebisha upande mmoja unauharibu mwingine.

Yote hayo ni mabadiliko ya kikemia, na mabadiliko ya kikemia hutii joto. Mwaka 1889 mwanakemia wa Sweden, Svante Arrhenius, alitoa mlinganyo unaoeleza jinsi kasi ya mabadiliko hayo inavyopanda joto linapopanda, na kutokana nao watu wa maabara hutumia kadirio la juujuu kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi hupungua takriban kwa nusu. Kadirio hilo si sawa kwa kila kemikali, lakini linatosha kutupa picha. Chumba chenye nyuzi 24 kikilinganishwa na friji yenye nyuzi 4, kasi imepungua mara nne. Chumba chenye nyuzi 30 kikilinganishwa na friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, tofauti inapita mara ishirini. Ndiyo maana watengenezaji hushauri filamu ya rangi iwekwe chini ya nyuzi 13 ikiwa itakaa kwa miezi, na ishushwe hadi nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri ikiwa itakaa kwa miaka.

Kuna jambo moja ambalo friza haiwezi kulizuia, nalo ni mionzi. Ardhi, mawe, kuta za majengo na anga la juu hutoa mionzi ya asili wakati wote, na mionzi hiyo hupenya mlango wa friza na kasha la filamu kana kwamba havipo. Filamu yenye kasi ndogo, yaani isiyo nyepesi sana kupokea mwanga, tuseme ISO 50 (ISO ni namba ya kupimia kasi hiyo), huvumilia kwa miaka mingi. Filamu ya ISO 3200 huanza kupata utando mapema, na baridi haiisaidii kwa upande huo. Kwa uwezo wa filamu kunasa mionzi, mwaka 1945 kampuni ya Kodak ilikuta madoa kwenye filamu zake za eksirei, na mwanafizikia wake, Julian Webb, akafuatilia chanzo chake hadi kwenye makaratasi ya kufungashia yaliyotengenezwa kiwandani Vincennes, Indiana, yakiwa yamechafuliwa na vumbi la jaribio la kwanza la bomu la atomiki lililofanyika mbali kabisa, huko New Mexico. Kwa hiyo filamu za kasi kubwa nunua kwa kadiri ya mahitaji, uzitumie, wala usizifanye akiba.

Baada ya kupiga picha, filamu huingia katika hali ya pili, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Picha imo ndani lakini haionekani. Ni alama ya atomi chache za fedha juu ya kila chembe iliyoguswa na mwanga. Alama hiyo hufifia. Ukubwa wa kufifia hutegemea aina ya filamu, joto na unyevu, lakini mwelekeo ni uleule, na kuna historia moja ambayo kila ninapoisoma huniongezea heshima kwa baridi. Mwezi Julai 1897 Waswidi watatu, S. A. Andrée, Nils Strindberg na Knut Frænkel, walipaa kwa puto kutoka Svalbard wakikusudia kuifikia Ncha ya Kaskazini. Puto lilianguka juu ya barafu baada ya siku chache, wakatembea kwa miezi, na wakafia kwenye kisiwa cha Kvitøya. Strindberg alikuwa mpiga picha wao. Miili yao na mizigo yao ilipatikana mwaka 1930, miaka 33 baadaye, na pamoja nayo filamu zilizokwisha kupigwa picha lakini hazijaoshwa. John Hertzberg wa Stockholm alizishughulikia kwa uangalifu mkubwa, akaokoa picha 93 kati ya takriban 240. Moja inaonyesha puto likiwa limelala ubavu juu ya barafu na watu wawili wamesimama wakilitazama. Imejaa madoa na mikwaruzo, lakini watu wale wanaonekana wazi. Strindberg aliwahi kuwa msaidizi wa Arrhenius mjini Stockholm, kwa hiyo yule aliyeandika mlinganyo na yule ambaye filamu zake ziliuthibitisha kwa namna ya kuhuzunisha kiasi kile walikuwa watu waliofanya kazi pamoja.

Kwa sababu hiyohiyo bado wapo wanaotumaini kupatikana kwa kamera ndogo ya Kodak ambayo wapanda milima George Mallory na Andrew Irvine wanaaminika kuwa walipanda nayo mlima Everest mwaka 1924. Kamera hiyo haijapatikana, lakini wazo kwamba filamu iliyomo inaweza kuoshwa na kutoa picha si la kubezwa, kwa kuwa mahali ilipo ni friza kubwa isiyozimwa.

Hata hivyo, mtu asichukue mifano hiyo kuwa ruhusa ya kujaza friji mikanda iliyopigwa na haijaoshwa. Kati ya picha za Strindberg, zaidi ya nusu zilipotea. Mkanda uliopigwa ukiwekwa kwenye friji usubiri wiki kadhaa hadi utakapopelekwa kuoshwa, hilo ni jambo la busara. Ukiwekwa usubiri miaka kwa sababu mwenyewe anaona uvivu, baridi inatumiwa vibaya. Ukishapiga, osha. Kuosha ndiko kunakoigeuza alama ile ya atomi chache kuwa fedha halisi au rangi halisi, kitu kinachoweza kushikwa na kutazamwa.

Sasa tufike kwenye negativu, ambako ndiko uzito wa makala haya ulipo. Wengi huamini kwamba filamu ikishaoshwa, ikasuuzwa na kukaushwa vizuri, imetulia na haina tena haja ya baridi. Kwa filamu ya fedha ya nyeusi na nyeupe iliyopakwa juu ya poliesta, imani hiyo inakaribia kuwa kweli, kwa kuwa poliesta ni plastiki imara sana. Lakini sehemu kubwa ya filamu za kamera za kawaida, tangu zamani mpaka leo, imepakwa juu ya asetati ya selulosi, na asetati hujila yenyewe. Unyevu na joto hukata vipande vya molekuli zake na kuvigeuza kuwa asidi ya asetiki, ile inayoipa siki harufu yake. Asidi hiyo haikai pembeni; hurudi kuchochea mabadiliko yaleyale yaliyoizaa, hivyo kadiri filamu inavyooza ndivyo inavyooza kwa kasi zaidi. Hatimaye utepe hunywea, hujikunja, na jelatini isiyoweza kunywea nao hujikusanya kama ngozi ya tunda lililokauka. Mtu akifungua kopo la zamani akapokewa na harufu kali ya siki, ajue hatua ya mwanzo imekwisha kupita.

Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, ilifanya utafiti mrefu juu ya jambo hili, na mwaka 1993 ikatoa mwongozo wenye jedwali linalohusisha joto, unyevu na umri. Humo asetati mpya iliyohifadhiwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 inakadiriwa kuanza kuoza kwa kasi baada ya takriban miaka 40. Kipindi hicho kinaweza kusikika kirefu mpaka ukumbuke kwamba nyuzi 21 ni hali ya chumba cha ofisi yenye kiyoyozi, na kwamba negativu nyingi tunazozijali zimekwisha kuvuka umri huo. Taasisi hiyo ilibuni pia vipande vidogo vya karatasi ya bluu ambavyo huwekwa ndani ya kopo pamoja na filamu, na hubadilika kuelekea kijani na kisha njano kadiri asidi inavyozidi. Navipenda vipande hivyo kwa sababu vinaondoa ubishi. Pua ya mtu mmoja husema filamu ni nzima, ya mwingine husema imeanza. Karatasi hutoa jibu moja.

Rangi nazo zina habari yake. Picha ya rangi iliyooshwa haina fedha tena ndani yake. Imebaki na dawa za rangi tupu, na dawa hizo hufifia hata zikiwa gizani. Filamu za sinema za Eastman Color, zilizoanza kutumika mwaka 1950, ndizo mfano unaojulikana zaidi: nakala nyingi zilipoteza rangi ya samawati na kubaki na uwekundu wa kufifia uliofunika anga, majani na nyuso za watu vilevile. Mwaka 1980 mwongozaji wa sinema Martin Scorsese aliongoza kampeni ya wazi kuitaka Kodak itengeneze filamu zenye rangi za kudumu zaidi. Filamu zilizofuata ni bora sana kuliko zile, lakini hakuna iliyoachana na kufifia, na rangi iliyokwisha kutoka ni maji yaliyomwagika. Kitu pekee kinachopunguza mwendo wa kufifia gizani kwa kiwango kikubwa ni baridi.

Wanaotunza urithi wa picha kwa kazi yao walikwisha kufikia uamuzi huo zamani. Hazina kuu ya filamu ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza, iliyopo Gaydon, huwekwa kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri na unyevu wa asilimia 35. Mkusanyiko wa picha wa Bettmann, wenye picha zaidi ya milioni 10, ulihamishiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye mgodi wa zamani wa chokaa huko Boyers, Pennsylvania, ukawekwa ndani ya vyumba vya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri. Filamu halisi zilizorudi kutoka mwezini na wanaanga wa Apollo zimetunzwa Houston kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na zilipotakiwa kuchanganuliwa kwa kompyuta, yaani kunakiliwa kidijitali, zilipandishwa joto kwa hatua. Angalia kwamba kote huko kilichowekwa kwenye baridi ni filamu zilizokwisha kuoshwa. Hakuna hazina ya taifa lolote inayojivunia mikanda mipya.

Ardhi yenyewe imewahi kutunza filamu kwa namna hiyo. Mwaka 1978 wajenzi waliokuwa wakichimba katika mji wa Dawson, Yukon, kaskazini ya Kanada, walikutana na mamia ya mikanda ya sinema iliyokuwa imetumiwa mwaka 1929 kujazia shimo la bwawa la kuogelea. Ilikuwa ya nitrati ya selulosi, aina inayowaka kwa urahisi wa kutisha na ambayo nayo huoza, lakini udongo ulioganda usioyeyuka uliihifadhi kwa karibu miaka 50. Mikanda 533 iliokolewa, mingi ikiwa nakala pekee ya kazi hizo iliyobaki duniani. Kilichoiharibu zaidi ni maji: pembeni mwa picha nyingi kuna weupe unaochezacheza ambapo unyevu uliingia na kuyeyusha jelatini.

Maji hayo ndiyo yanayonifanya nitumie muda mwingi kuzungumzia unyevu kila ninapoulizwa juu ya baridi. Baridi peke yake haiidhuru filamu. Filamu iliyokauka vizuri huwa na unyevu mdogo sana ndani ya jelatini, nao umeshikana na molekuli kiasi kwamba haugeuki barafu. Hofu ya kwamba filamu itapasuliwa na barafu haina msingi ikiwa filamu ni kavu. Hatari ipo mlangoni, yaani wakati wa kuingiza na hasa wakati wa kutoa. Hewa yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, ambayo mtu angeiita nzuri, huacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 9 au pungufu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huacha umande hata juu ya kitu chenye nyuzi 26, kwa hiyo filamu iliyotoka friji, achilia mbali friza, hulowa mara tu inapofunuliwa. Matone hayo hulainisha jelatini, huacha alama, hugandisha filamu kwenye karatasi yake, na hualika kuvu.

Filamu mpya iliyo bado ndani ya kifungashio chake cha kiwandani imekwisha kulindwa, kwa sababu ilifungwa katika hewa yenye unyevu uliodhibitiwa na kopo au foili haipitishi mvuke. Kinachotakiwa ni kuiacha ifungwe mpaka ipate joto la chumba. Mkanda mmoja wa milimita 35 uliotoka kwenye friji huhitaji takriban saa moja, na uliotoka kwenye friza huhitaji saa moja na nusu. Boksi la karatasi hamsini za filamu bapa au mkanda mrefu wa kukata mwenyewe huhitaji saa kadhaa, na mimi huona salama zaidi kuvitoa usiku nikivitumia asubuhi. Kifungashio kikishafunguliwa, ulinzi ule umekwisha, na filamu hiyo isirudishwe kwenye baridi bila mfuko mwingine.

Negativu hazina kifungashio cha kiwandani, kwa hiyo mtu lazima awe kiwanda chake mwenyewe. Utaratibu ninaoufuata unatokana na ule unaotumiwa na makumbusho ya Marekani, nao si mgumu. Negativu huwekwa ndani ya mifuko yake ya karatasi isiyo na asidi au ya polipropilini, kamwe si ya plastiki laini ya PVC, kisha ndani ya boksi dogo la karatasi ngumu lililojaa, lisiloacha nafasi tupu. Boksi huingia kwenye mfuko wa plastiki nene wenye zipu. Hewa hukamuliwa kwa kiganja, zipu hufungwa, na mdomo huzibwa kwa utepe wa gundi. Mfuko huo wa kwanza huingia ndani ya mfuko wa pili. Kati ya mifuko hiyo miwili ndipo penye akili yote: huwekwa kipande cha karatasi nene kilichokaushwa mapema, pamoja na kadi ndogo ya kupimia unyevu inayotazama nje. Mvuke wowote utakaopenya mfuko wa nje hunyonywa kwanza na karatasi ile, na kadi huendelea kuwa ya bluu. Siku ambayo doa lake linaanza kugeuka waridi, unajua kwamba karatasi imeshiba na inapaswa kubadilishwa, huku negativu zenyewe zikiwa bado kavu ndani ya mfuko wa kwanza. Unaiona kadi hiyo kupitia plastiki bila kufungua kitu.

Nilisema boksi lijae, na sababu yake inastahili kuelezwa. Hewa ikipozwa bila kupunguziwa maji, unyevu wake kwa asilimia hupanda, na mtu anaweza kudhani kwamba kila mfuko unaoingizwa kwenye friza utaloweka vilivyomo. Lakini karatasi na jelatini hunyonya mvuke huo haraka, na kiasi cha maji kilichomo ndani ya hewa kidogo ni kidogo mno kulinganisha na kile vinachoweza kunyonya. Mfuko uliojaa vitu na wenye hewa kidogo hubaki mkavu. Mfuko mkubwa uliovimba kwa hewa wenye negativu chache ndani yake ndio wa kuogopwa.

Friza nyingi za siku hizi hujiyeyushia barafu zenyewe, na kwa hiyo joto lake hupanda na kushuka kila baada ya muda. Hilo halina madhara makubwa kwa vilivyofungwa vizuri, na lina faida kwamba hewa ya ndani huwa kavu zaidi. Friji ya kawaida, kinyume chake, mara nyingi huwa na unyevu mwingi, na ndiyo maana negativu zilizowekwa humo bila mifuko huwa katika hali mbaya kuliko zikiwa kabatini. Kipimajoto kidogo chenye kipima unyevu kikiwekwa ndani kwa siku chache kitaeleza ukweli wa friji husika kuliko maandishi yaliyo mlangoni.

Si kila kitu kinafaa kugandishwa. Filamu za picha za papo kwa hapo, kama za Polaroid, zina vifuko vya kemikali ya majimaji ambavyo huharibika vikiganda. Hizo hukaa kwenye friji tu, zikiwa zimelazwa. Negativu za asetati zilizokwisha kutoa harufu ya siki zitengwe na zilizo nzima, zisifungiwe kwa kubanwa zikiwa kwenye joto la chumba maana asidi itazidi kuzila, lakini ndizo za kwanza kabisa kuingia friza, kwa kuwa baridi hiyo ndiyo itakayokupa nafasi ya kuzichanganua kabla hazijajikunja. Na anayeshuku kwamba ana nitrati, yaani negativu za kabla ya miaka ya 1950 zisizo na neno SAFETY pembeni, asizirundike nyumbani; nitrati ikiwaka huzalisha oksijeni yake yenyewe na haizimiki kwa kufunikwa. Taasisi za kumbukumbu zina watu wanaojua kuzishughulikia.

Narudi kidogo kwa wale wenye akiba kubwa ya filamu mpya, kwa sababu kuna jambo linalowahusu ambalo friza haina uwezo nalo. Kodak ilitangaza mwisho wa filamu yake ya rangi ya Kodachrome mwaka 2009, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiiosha, Dwayne's Photo ya Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda hiyo mwishoni mwa mwaka 2010. Mikanda iliyobaki kwenye friza za watu baada ya hapo ilikuwa mizima kabisa, lakini njia ya kuiosha kwa rangi ilikuwa imekufa, kwa sababu rangi za Kodachrome hazikuwa ndani ya filamu bali ziliingizwa wakati wa kuosha kwa utaratibu mgumu ambao hakuna mwingine aliyeuendeleza. Baridi ilikuwa imefanya kazi yake yote. Filamu mpya ina thamani kwa sababu kuna kemikali, mashine na mikono inayoisubiri upande wa pili, na vitu hivyo haviwekwi kwenye mfuko wa zipu. Negativu haina utegemezi huo. Mwanga na jicho vinatosha kuisoma.

Kwa hiyo nafasi ya friza ikiwa ndogo, na kwa wengi wetu ni ndogo, ningeigawa hivi. Kwanza zingeingia negativu za asetati zenye dalili za siki. Baada yake negativu na slaidi za rangi za zamani, hasa za watu waliokwisha kufariki na mahali palipokwisha kubadilika. Kisha negativu nyeusi na nyeupe za asetati zilizo nzima. Filamu mpya ingepata nafasi itakayobaki, na ile ya kutumiwa ndani ya mwaka huu ingetosheka na friji. Juu ya kila mfuko wa nje ningeandika kwa kalamu isiyofutika kilichomo, mwaka, na tarehe ya kufungwa, maana mfuko usio na maandishi hufunguliwa kila mtu anapotafuta kitu, na kila kufunguliwa ni nafasi ya umande. Kabla ya kufunga, ningezichanganua zote, ili haja ya kuzitoa iwe nadra.

Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe. Friza iliyojaa hukaa na baridi yake kwa muda mrefu, na hata vilivyomo vikipanda hadi joto la chumba, negativu zilizofungwa kwenye mifuko miwili hazidhuriki kwa kupanda na kushuka huko mara chache. Umeme ukirudi, ziache zilivyo zigande tena, na tazama kadi ya kila mfuko. Zile ambazo kadi yake imebaki bluu hazihitaji kuguswa, na ile iliyogeuka waridi itolewe, iachwe ikiwa imefungwa mpaka kesho yake, kisha ibadilishiwe karatasi ya kunyonya na kurudishwa.